Maziwa Niliyoyamwaga Kwenye Chai ya Mzee Ombati

Jamani, nichekeni, lakini nichekeni taratibu, maana mkasa huu nimeukalia miaka mingi na hata leo nikipita Gesima nikaona kibuyu kimening'inizwa ukutani kwa mtu masikio yananipata moto. Aibu yenyewe ni hii: mimi, bwana shamba wa Serikali, kijana mwenye cheti na kaptura ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa, nilikutwa asubuhi kweupe nimepiga magoti, peku, katikati ya shamba la mzee wa kanisa, namwaga maziwa ardhini huku midomo inanitembea, na walionikuta hawakuwa wawili watatu, walikuwa nusu ya lokesheni na chifu wao mbele.

Sasa ngojeni niwaeleze nilifikaje pale, maana hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema leo naenda kujivunjia heshima. Mambo haya huanza na kitu kidogo. Changu kilianza na maneno mawili tu, na maneno yenyewe yalikuwa "mbili tu".

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na Gesima nzima ilikuwa imeingiwa na homa ya chai. Mtu aliamka akang'oa wimbi akapanda chai, jirani akichungulia uani naye anang'oa mahindi. (Hata Waadventista, ambao chai yenyewe hawainywi kwa mafundisho ya kanisa lao, waliipanda kwa bidii kuliko Wakatoliki wanaoinywa asubuhi na jioni, na ukiwauliza wanakujibu kwamba Mungu alikataza kikombe, hakukataza shamba.) Mimi ni mtoto wa Magwagwa, nilikuwa nimetoka chuoni juzi juzi, nikapewa baiskeli, kofia, na kisanduku cha mbao cha kupimia udongo, na kisanduku hicho ndicho kilichonipa kichwa kikubwa.

Ndani yake mlikuwa na vichupa vya kioo, unga mweupe, maji yaliyosafishwa, dawa ya rangi, na kadi yenye rangi zilizopangwa kutoka nyekundu mpaka buluu, kila rangi na namba yake. Unatia udongo kidogo kwenye kichupa, unatia unga, maji, matone ya dawa, unatikisa, unangoja unga utulie, kisha unalinganisha rangi na kadi. Namba ndogo ni udongo mchachu, saba ni katikati kama maji safi, na ukipita saba umeingia upande wa majivu na magadi. Kipimo hicho kinaitwa pH. Na chai ni mmea wa ajabu, unapenda udongo mchachu, tano hivi au tano na nusu, mahali ambapo mazao mengine yananuna. Nilipokitikisa kichupa mbele ya wakulima na maji yakageuka rangi, wazee walikuwa wakirudi nyuma hatua moja, na mimi moyoni nikajiona daktari.

Hayo ndiyo niliyoyajua. Lile ambalo sikulijua lilifundishwa chuoni mchana mmoja wa joto baada ya maharagwe. Nilimsikia mwalimu akitaja "logi", nikakumbuka vile vitabu vya logi vya sekondari, kurasa zimejaa namba kama siafu njiani, nikafumba macho kidogo tu nipumzike. Nilipoyafumbua ubao ulikuwa umeshafutwa na wenzangu wanaelekea uwanjani.

Basi, Mzee Ombati. Alikuwa mzee wa kanisa, mfupi, mkavu, mtu wa neno moja, na alikuwa na binti aitwaye Kerubo ambaye alikuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya, na mimi (ambaye sikuwa Mwadventista wakati huo) nilianza kuhudhuria Sabato kwa uaminifu uliowashangaza watu wa kwetu. Mzee hakuwa kipofu. Siku moja alinisimamisha nje ya kanisa akaniambia, "Kijana, mimi naona. Sasa sikia. Panda mimi chai vizuri. Hiyo chai ikishika, leta wazee yako tuongee." Nilirudi na baiskeli yangu huku nikipiga kengele barabara nzima bila mtu wa kunipisha.

Alitaka chai yake ipandwe kwenye kipande cha tambarare kando ya barabara, ionekane na kila aendaye kanisani. Udongo wake ulikuwa mweusi, laini, unaingia mkono. "Hapa mahindi yangu inapita urefu ya nyumba," alisema kwa fahari. "Kama mahindi inapenda, chai itakataa nini?" Nikapima pembeni, rangi ikaja tano, safi kabisa. Nikapima katikati, maji yakageuka kijani, saba. Pale ndipo ningeuliza: Mzee, hapa palikuwa na nini zamani? Lakini kwetu kijana anayemnyemelea binti wa mtu hamhoji baba yake habari za nyumba na makao. Kuna heshima ya haya kati ya wakwe, tunaiita chinsoni, na anayeivunja watu humtazama kama aliyekuja arusini bila shati. Nikanyamaza.

"Inasema nini?" Mzee akauliza.

"Pembeni tano, Mzee. Hapa katikati saba."

"Ni mbaya?"

Na wakati ule ule Kerubo akawa anapita kuelekea kisimani na mtungi wake, akageuza shingo kututazama, akatabasamu, na akili yangu yote iliyosomeshwa kwa kodi ya wananchi ikaondoka ikamfuata kisimani. Nikafunika kisanduku kwa mbwembwe. "Tofauti ni mbili tu, Mzee. Mbili ni nini? Panda!"

Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga, na wangu haukukawia. Mwaka uliofuata chai ya pembeni ilikuwa imeshika vizuri, majani yanang'aa, lakini ya katikati iligeuka manjano, ikapukutika, ikabaki vijiti. Tukaziba mapengo kwa miche mipya. Nayo ikafa. Na kilichonitisha hata mimi ni kwamba haikufa hapa na pale kama inavyokufa miche ya kawaida. Ilikufa kwa mviringo. Ukisimama barabarani unauona, duara kamili la manjano ndani ya kijani, kana kwamba mtu alilichora kwa kamba na kigingi.

Watu wakaanza kunong'ona. Walisema pale ndipo ilipokuwa nyumba ya marehemu baba yake Ombati, na ebirecha, yaani mizimu ya wazee, imekasirika kwa kulimiwa. Mimi niliposikia "mizimu" nikaziba masikio, nikasema hawa ni watu wa gizani, na kumbe katika kuyaziba nikaliacha nje na lile neno "nyumba", ambalo ndilo lingeniokoa. (Ndivyo kusoma kidogo kunavyomfanya mtu. Unatupa maji na mtoto ndani yake ati kwa sababu maji yamechafuka.)

Kwa Mzee halikuwa jambo la kucheka. Mzee wa kanisa ambaye wafu wanamuulia chai mbele ya barabara! Waumini walimsalimia kwa macho ya huruma. Kisha likaja tangazo kwamba wakubwa wa kilimo watatembelea mashamba ya Gesima, na shamba la Ombati, kwa kuwa liko barabarani, ndilo litakalokaguliwa kwanza, mbele ya wakulima wote. Aliniita. Hakupandisha sauti.

"Wewe ulisema mbili tu," akaniambia. "Hiyo mviringo wageni wakiona, na watu waseme ile kitu wanasema, mimi sina uso ya kusimama kanisani. Na wewe hutakanyaga hapa tena. Umesikia?"

Nilisikia. Usingizi ukanihama. Na akili ya mtu aliyebanwa, ndugu zangu, ni kama kuku aliyechinjwa, inaruka lakini haijui inakokwenda. Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa kwa mama mwenye nyumba wangu nakunywa maziwa lala, yale ya kibuyu, mazito, yanayokunja uso, nikasema hebu niyapime. Nikatia matone kwenye kichupa. Nyekundu. Nne! Nikaitazama ile namba, nikakumbuka saba ya shamba la Mzee, na hesabu ikajifanya yenyewe kichwani: nne na saba kumi na moja, gawa kwa mbili, tano na nusu. Tano na nusu, namba yenyewe inayopendwa na chai! Niliruka mpaka nikamwaga maziwa kwenye kaptura. Nilijiona nimegundua dawa ambayo hata wazungu wa chai hawajaijua.

Siku ya wageni nilifika kwa Mzee Ombati umande haujakauka. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nimwagie duara maziwa mapema, namba ishuke, na mkubwa akipima akute tano na nusu, na tuseme miche iliuawa na wadudu tu. Kerubo akaja ameshika kibuyu kikubwa kwa mikono miwili, macho chini.

"Mama anasema unywe kwanza," akaniambia. "Siku ni ndefu."

Mnaona jinsi shetani anavyopanga? Nilikuwa nimebeba chupa mbili za maziwa yangu, na sasa naongezewa kibuyu kizima na mama mkwe mtarajiwa, maziwa aliyoyatunza kwa ajili yangu. Nikasema nitayanywea shambani. Nikavua viatu, kwa sababu vilikuwa vipya na kuna matope, nikaviweka vizuri kwenye ukingo wa duara. Nikaingia. Nikamaliza chupa zangu, nikaona hazitoshi hata robo, nikakitazama kibuyu, nikatazama nyumba, nikapiga magoti ili nimwage vizuri kwenye shina la kila mche, nikaanza kuzunguka kwa magoti huku nahesabu kwa sauti ya chini nisikosee, "nne na saba, kumi na moja, gawa kwa mbili, nne na saba, kumi na moja," na jua ndiyo linachomoza usoni pangu. Mbwa watatu wa Mzee wakaja, wakaketi wakanitazama kwa adabu, kisha mmoja akaanza kulamba, wote wakalamba, kuku nao wakafika, na mimi nikaona afadhali nimalize haraka.

Nilichosikia kwanza ni kimya. Kimya cha watu wengi kina uzito wake, unakihisi mgongoni. Nikageuka.

Walikuwa wamejipanga kando ya barabara, wamewahi kuliko ilivyotangazwa. Chifu na kofia yake. Wakulima. Akina mama wa kanisa kwa vilemba vyeupe. Mzee Ombati ndani ya koti lake la Sabato. Na karibu na Landrova alisimama mtu mrefu mwenye mvi, mkubwa wa udongo, Bwana Mwakio, Mtaita aliyetumwa kutoka mjini. Wote wananitazama mimi, peku, magotini, kibuyu mkononi, ndani ya nyumba ya wafu, mbwa wananizunguka.

Bibi mmoja akashika mdomo. "Anawalisha," akasema.

Na mwanamume nyuma yake, kwa sauti ya mtu aliyethibitishiwa jambo, akasema, "Kumbe hata Serikali inawajua!"

Nikainuka. "Si mizimu!" nikapiga kelele. "Ni hesabu! Nne na saba!"

"Wanne ni akina nani?" mwingine akauliza.

"Na hao saba?"

Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Mama yake Kerubo alikitambua kibuyu chake, akajifunika uso na ncha ya leso, akageuka akaingia jikoni, na mlango ule ulipofungwa nilihisi umenifungia mimi. Mzee Ombati akavua kofia yake, akaishika kifuani.

"Kerubo. Chukua kibuyu ya mama yako kwa huyo mtu," akasema. "Na wewe, vaa viatu yako, uende."

Nawaambia kweli, nilitamani kulia. Sikuwa nafikiria kazi wala chifu, nilikuwa nafikiria Kerubo akija kuchukua kile kibuyu mkononi mwangu mbele za watu na mimi sina la kumwambia. Alikuja. Alikishika. Na hakuondoka, akabaki amesimama pale, akaniuliza kwa Kiswahili ili wageni wasikie, "Ulikuwa unafanya nini? Sema ukweli."

Nikasema yote. Nne ya maziwa, saba ya udongo, kumi na moja, gawa kwa mbili. Nilipomaliza Bwana Mwakio alikuwa ameshika mlango wa Landrova, mabega yanamtikisika, anafuta machozi kwa leso, na nilimchukia kwa dakika moja hivi. Kisha akaacha kucheka. Akaja shambani, akavua viatu vyake yeye mwenyewe akaviweka kando ya vyangu (nadhani ni kwa sababu ya matope, lakini mpaka leo namshukuru), akasema, "Namba hizi, kijana, hazigawanywi kama mkungu wa ndizi. Lete kisanduku chako."

Akaanza kwenye chai nzuri, nje ya duara. Akachukua udongo, akapima, akainua kichupa juu watu waone. Rangi ya chungwa. "Tano." Akasogea hatua moja kuelekea katikati. Manjano. "Sita. Sasa nisikilizeni wote, maana jambo hili liliwahi kunishinda hata mimi. Kutoka tano kwenda sita hatujaongeza moja. Uchachu umepungua mara kumi. Wa hapa ni sehemu moja ya kumi ya wa pale." Akasogea tena. Kijani. "Saba. Mara kumi nyingine. Kumi za kumi ni ngapi?"

"Mia," watoto wa shule wakajibu.

"Mia," akasema, akanitazama mimi. "Hiyo ndiyo mbili tu yako."

Vile vitabu vya logi, zile namba za siafu, kumbe ndiyo kazi yake hiyo, kulikunja jambo kubwa kama mlima mpaka litoshee kwenye kadi ya kiganjani, na mjinga kama mimi akiitazama kadi anaona vidole viwili tu. Akapima na pale nilipomwaga maziwa. Kijani ile ile, labda imefifia kidogo sana. "Udongo huu una akiba," akasema. "Unayameza maziwa yako na bado unabaki ulivyo. Kuna kitu kimekaa hapa miaka mingi."

Wakati huo ikasikika sauti kutoka upande wa jikoni. "Nani anapiga kelele nyumbani kwangu?"

Ni Magokoro Kwamboka, yaani Bibi Kwamboka, mama yake Mzee Ombati, bibi wa siku nyingi, mikono imejaa unga wa wimbi. Tangu mwanawe alipoivunja nyumba yake ya nyasi na kumhamishia kwenye ya mabati alikuwa amesusa kukanyaga upande ule wa shamba. Siku hiyo alikuja kwa hasira, akiwasukuma watu, na alipofika kwenye ukingo wa duara akasimama ghafla. Hasira ikamtoka. Akatazama ile chai ya manjano kutoka upande huu hadi upande ule, polepole, kama mtu aliyemwona ndugu yake wa zamani sokoni.

Akasema kwa Ekegusii, na Kerubo akawa anawatafsiria wageni, "Mbona nyumba yangu imerudi?"

Akainama kidogo kana kwamba paa bado lipo, akaingia mahali pasipokuwa na mlango wowote, akaanza kutembea. "Hapa ndipo nilipoingilia nikiwa bibi arusi. Hapa walilala ndama. Hapa alilala Ombati na nduguze." Akafika karibu na katikati, akasimama, akagusa ardhi kwa mguu. "Na hapa mafiga yangu."

Bwana Mwakio akamtazama. Akachota udongo pale pale chini ya mguu wake, kwa taratibu, kama mtu anayechota kitu kisicho chake. Akatikisa kichupa. Sote tukangoja ule unga utulie, hata mbwa walingoja. Rangi ilipokuja haikuwa kijani. Ilikuwa buluu.

"Nane," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama, moto wako uliwaka hapa muda gani?"

"Tangu nilipoolewa," Magokoro akajibu. "Haukuwahi kuzimika. Usiku niliufunika kwa majivu, asubuhi nikaufunua. Majirani walikuja kuchukua kaa la moto kwangu. Mimi sikuwahi kwenda kwao kuomba."

"Na majivu?"

"Nilitupa wapi? Mengine hapa hapa, mengine nyuma ya nyumba. Majivu ni majivu."

Bwana Mwakio akageukia watu. "Kutoka chai ile nzuri mpaka hapa anaposimama mama huyu ni hatua tatu za miguu yangu. Kwenye kadi ni tano mpaka nane, tatu vilevile. Lakini kila moja ni kumi. Uchachu wa kule ni mara elfu moja ya wa hapa. Elfu. Hakuna mzimu. Mwanamke mmoja, kwa kupikia watoto wake kila siku, ameigeuza ardhi mara elfu, na mvua zote zilizonyesha tangu wakati huo hazijaweza kuirudisha."

Chifu alikuwa amevua kofia bila kujua. Akina mama wa kanisa walikuwa wanaitazama mikono yao. Mimi nilisimama pale peku, maziwa yanakauka kwenye magoti, na nikasahau kabisa kwamba nimeaibika. Niliwaza uji, obokima, yaani ugali wa wimbi, mboga, viazi, kila chungu kilichowahi kuinjikwa pale, kila asubuhi bibi yule alipopiga magoti kupuliza kaa, hakuna aliyehesabu, hakuna aliyemshukuru, nyumba ikavunjwa, ikalimwa, mahindi yakapandwa juu, na ardhi ikawa imekaa kimya inakumbuka yote, ikingoja mmea mmoja mchaguzi kama chai uje uichore upya mpaka kwenye kizingiti. Ngozi ilinisisimka. Inanisisimka hata sasa ninapowasimulia.

Magokoro alikuwa bado hajaelewa vizuri, au labda alikuwa ameelewa lakini anataka kusikia tena. "Ni mimi?" akamwuliza Kerubo. "Anasema ni mimi niliyefanya hivi?"

"Ni wewe, Magokoro."

Akaitazama ile buluu ndani ya kichupa. "Mara elfu," akasema, akacheka kidogo, akajifuta macho kwa mkono wenye unga.

Mzee Ombati alikuwa amesogea mpaka ndani ya duara. Yule mtu mkavu, wa neno moja, alishika mche mmoja uliokufa, akauachia. "Kwa hivyo si baba yangu amekasirika," akasema. Hakuwa anauliza mtu. "Mimi nilikuwa naomba usiku, nasema Nyasae, Mungu wangu, kama nimekosea wafu nisamehe, na mimi ni mzee wa kanisa." Kisha akaketi chini, na koti lake la Sabato, juu ya majivu yaliyomlea, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Aliyetuondoa kwenye hali ile ni Magokoro mwenyewe. Alinigeukia mimi, akanitazama kutoka miguu peku mpaka kofia. (Chinsoni ni ya wakwe na wazazi. Bibi na mjukuu hutaniana bila mpaka, na mume wa mjukuu ni mume wake pia kwa utani.) Akasema, "Na huyu mume wangu ndiye mtu wa kwanza kuniletea maziwa nyumbani kwangu tangu waivunje. Ninyi mnamfukuza? Mpeni msichana!"

Watu walicheka mpaka chifu akashika mti. Mimi nilitazama matope. Kerubo naye alikuwa ametazama ndani ya kibuyu kitupu kana kwamba kuna kitu kimemdondokea humo.

Mzee hakumjibu mama yake siku ile. Aling'oa chai ya duara yote, akamwambia mama yake apande anachotaka, na Magokoro akapanda migomba na mboga za kienyeji, navyo vikapanda juu kwa fujo mpaka majirani wakaja kuomba machipukizi. Baada ya msimu mmoja Mzee alinipitia njiani, akasimama, akaniambia, "Wazee yako waje. Lakini kuna kitu nataka kuuliza. Hatua moja ni mara kumi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi wakianza kunipunguzia ng'ombe moja tu, waambie mimi najua hiyo kipimo."

Magokoro alitutoka zamani. Chai ya Gesima imekatwa na kuchipua mara zisizohesabika, na ile migomba bado iko pale kando ya barabara, mviringo, juu ya kila kitu, na mgeni akipita hawezi kujua kwamba anatazama nyumba. Mimi nikipita navua kofia. Na tangu siku ile sijawahi kusema tena "mbili tu" wala "moja tu" kabla ya kuuliza ni moja ya kipimo gani. Mjukuu akinijia na alama akasema amepitwa na mwenzake kwa moja, namwambia, ngoja kwanza, tuone.

Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa je? Mke wangu ni Kerubo, kama mlivyokwisha kubahatisha, na wageni wakija kwetu anawaletea maziwa lala, kibuyu kinazunguka kutoka mkono hadi mkono, lakini kikifika kwangu anakichukua, ananimiminia kikombe kimoja, anasimama pale pale na kibuyu chake kifuani, anangoja mpaka ninywe tone la mwisho.